Sangara Aliyefundisha Uongozi

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mama yako asisikie. Ni siku niliyoamini, kwa moyo wangu wote, kwamba Mama Minza anafuga sangara anayeongea Kiswahili.

Usicheke kwanza, mwanangu. Umenipigia simu kutoka Igoma ukaniuliza, baba, nisome vitabu gani kabla sijafungua karakana yangu ya kushona? Umeuliza mahali penyewe. Katika ukoo mzima mimi ndiye niliyesoma masomo ya jioni mpaka mbu wa Mto Mirongo wakanijua kwa jina. Vitabu nitakueleza. Lakini naanza na huyo samaki, maana mimi vitabu nilikuwa navyo siku hiyo, na havikunisaidia kitu.

Mama Minza alikuwa mwajiri wangu. Mjane, mrefu, macho mekundu kwa moshi, kwa sababu alikuwa anakausha sangara kwenye tanuri kila siku ya Mungu. Mimi nilisukuma mkokoteni wake kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hadi sokoni. Jioni nilikuwa naoga, harufu haitoki hata uoge ziwa zima, halafu nakwenda darasani. Vitabu vyangu nilivipanga juu ya magunia ili kila mtu avione: kimoja cha uongozi, kimoja cha saikolojia, kimoja cha namna ya kulinda jina lako. Nikimkuta mtu anasoma gazeti kwa kuchezesha midomo, nilimwigiza mpaka mwalo mzima ukacheka. Mama Minza naye alicheka, ila kidogo.

Wakati huo madalali walikuwa wanawapangia akina mama wauza samaki bei wanayotaka. Akina mama wakaanzisha chama chao, wakawa wanatafuta mwenyekiti. Macho yote yalikuwa kwa Mama Minza, maana ndiye pekee aliyewahi kumwambia dalali "leo siuzi" na kweli asiuze. Hapo ndipo Maduhu, mbeba magunia, aliponivuta pembeni.

"We msomi, kwa bosi wako kuna simtanki nyuma ya nyumba. Unajua ndani yake kuna nini?"

"Maji."

"Maji gani, na bomba lenyewe tumelisahau? Mna sangara mle. Mkubwa kama ndama. Ana jino la dhahabu."

"Toka hapa."

"Na anaongea! Ndiye anayempangia bei ya kesho. Wewe umewahi kumwona Mama Minza akipata hasara?"

Nikafikiri. Sikuwahi. Ukitaka kujua mtu aliyesoma anavyodanganyika, mwanangu, ni hivyo: nilijiona nachunguza ushahidi.

Tena ushahidi ulikuja wenyewe. Kile kitabu cha uongozi nilikuwa nakiacha kwenye mkokoteni, uani kwa Mama Minza, kwa sababu nilishawatangazia watu kwamba nimekimaliza. Wiki hiyo kikawa kinahama. Nakiacha hapa, asubuhi nakikuta pale, kinanuka moshi. Na jioni ileile aliyonieleza Maduhu, niliporudisha mkokoteni, nikasikia sauti nyuma ya simtanki. Kwanza nyembamba: "Kiongozi... bora... ni... nani?" Halafu nzito, inakatikakatika kama inatoka majini: "Ni yule... anaye... siki... liza."

Nywele zilinisimama hadi kofia ikanyanyuka. Nilikimbia, mwanangu, nafikiri hata mawe ya Mwanza yalinipisha. Sangara hapangi bei tu, anamfundisha uongozi!

Kesho yake sikwenda kazini. Wala sikumwambia mtu neno. Hilo ulishike vizuri: sikusema kitu. Sikurudi tu. Mkokoteni ukabaki uani bila mtu, na Maduhu akasema kwa niaba yangu: "Hata msomi wake amekimbia."

Siku ya uchaguzi nilikwenda, nikasimama nyuma kabisa. Mama Minza alikuwa amevaa kitenge kipya. Mama mmoja aliyekuwa akiuza dagaa jirani na Mama Minza akasimama.

"Mimi sina ugomvi na Mama Minza. Nauliza tu. Kijana wake mwenye shule, anayejua mambo, amekimbia nini?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Mama Minza naye akageuka. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Masanja, mwanangu, waambie. Nimekukosea nini?"

Nikatazama viatu vyangu. Mimi, niliyekuwa naongea hadi kwenye foleni ya maji, siku hiyo sikuwa na neno moja mdomoni. Na unajua kwetu huku mwanamke mwenye macho mekundu anavyotazamwa kama mchawi. Haihitaji mtu kuongeza kitu, kimya kinatosha. Akina mama wakampa uenyekiti shemeji wa dalali mmoja. Bei ikabaki mikononi mwa walewale.

Baada ya hapo wateja wakawa wanapita mbele ya tanuri lake wakitazama upande wa pili. Kuna siku vijana walilipiga simtanki mawe mpaka likapasuka. Maji yakamwagika, matope, jani la mwembe, basi. Unadhani waliomba radhi? Walisema sangara amehamishiwa ziwani. Mwezi haukuisha, Mama Minza akapanda kivuko kwenda Kamanga na binti yake, na nyavu zake za kuanikia zimekunjwa kichwani. Nilimwona kutoka mbali. Sikumpokea hata mzigo.

Sasa vitabu.

Cha saikolojia soma, tena taratibu. Changu kilisema mtu mwenye woga hutafuta ushahidi wa kuulisha woga wake. Nilipigia mstari kwa kalamu nyekundu, nikasema maneno gani haya matamu, na jioni hiyohiyo nikaenda kumsikiliza samaki. Kwa hiyo ukipigia mstari sentensi, jiulize ni lini leo wewe mwenyewe umefanya hicho unachodhani kinawahusu wengine. Vya jina zuri vimejaa kila mahali, na karibu vyote vinafundisha kulinda lako. Wewe tafuta hata kimoja kinachozungumzia jina la mwenzako likiwa mikononi mwako. Ukikikosa, shika hili langu: akitajwa vibaya mtu uliyekula kwake, kukaa kimya ni kupiga kura. Vya uongozi, soma mpaka mwisho. Nasema mpaka mwisho, usifanye kama mimi, utaona sababu. Na vile vya wanawake kwenye biashara, chukua vilivyoandikwa na wanawake wenyewe, usiishie kwenye sura ya mafanikio. Tafuta sura inayoeleza walisema nini juu yake alipoanza kufanikiwa. Kama sura hiyo haipo, mwandishi amekuficha kitu. Watakuja kwako pia, mwanangu. Ukianza kuajiri mafundi hapo Igoma, watasema una jini kwenye cherehani. Usipoteze muda kumtafuta aliyeanza. Mtazame aliye karibu nawe aliyenyamaza.

Mungu akupe karakana isiyokosa kazi, akupe masikio ya kusikia kabla ya miguu ya kukimbia. Akupe watu watakaosimama mbele ya mkutano na kusema, "Huyu namjua." Na wewe akujalie uwe mtu wa namna hiyo kwa mwingine, kwa sababu baba yako hakuwa.

Utaniuliza kuhusu samaki. Nilipopata ujasiri wa kuvuka kwenda Kamanga, mvi zilikuwa zimenijaa kichwani, na nilikuta turubai la msiba wa Mama Minza limeshakunjwa. Minza, binti yake, sasa ni mama mtu mzima. Akanipa kiti na chai.

"Shikamoo, kaka Masanja."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole."

Tukakaa. Nikanywa chai mpaka ikaisha, na bado nilikuwa nainua kikombe. Mwisho nikamuuliza kwa sauti ya chini, Mungu anisamehe, kama kweli kulikuwa na kitu kwenye lile simtanki, na zile sauti nilizosikia zilikuwa za nani.

Akakichukua kikombe kitupu mkononi mwangu, akakiweka chini.

"Hakukuwa na samaki, kaka. Mama alikuwa anajifunza kusoma. Yale yalikuwa maswali ya mwisho wa kitabu chako. Swali alilisoma kwa sauti yake, jibu alilisoma kwa sauti ya mwenyekiti. Alikuwa anajificha nyuma ya tanki ili wewe usimcheke."