Mfuko wa Bashi Wenye Masikio

Kuna maharage yaliyowahi kuota kwenye ukuta wa jiwe, mahali ambapo hata mbuzi hafiki.

Aliyeyapanda ni mimi, Mathe, fundi cherehani wa mtaa wa Mususa, Butembo. Sikukusudia. Lakini kwa ajili ya maharage hayo watu wawili wa nyumba moja hawapo leo.

Mkitaka semeni natunga. Mimi nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Ilikuwa mwaka 2000, vita imeshika. Nilikuwa nashona mifuko ya bashi, lile turubai nene la kufunikia malori. Butembo nzima ilinijua kwa masikio yake, yaani vile vitanzi viwili vya chini ubavuni, vya kupitishia kamba ili mzigo ukae imara juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, au pikipiki. Mfuko usio na masikio, kwetu, ni aibu ya fundi.

Siku hiyo akaja shemeji yangu Apollinaire, mume wa dada yangu Kavugho. Kabla ya vita alikuwa anabeba mizigo ya Wazungu waliokuja kupanda milima ya Ruwenzori, kule upande wa Beni. Kwao ndiko alikojifunza mambo ya kamba.

"Shemeki, unishonee mufuko ya kuvuta ku jiwe."

Nyuma ya kijiji chao kulikuwa na jiwe refu lililosimama wima, na juu yake pango. Barabarani basoda, yaani askari, walikuwa wanapita kila wiki, wanachukua mbuzi, wanachukua wanaume kuwa wapagazi. Apollinaire alitaka kumpandisha mkewe na watoto wao wawili, wajifiche kule mwezi mzima. Safari ya siku mbili, mnalala katikati kwenye kibaraza cha jiwe. Chakula chote kivutwe kwa kamba.

Nikamletea gunia la mbolea. Akacheka.

"Hii, jiwe itaikula asubui moja."

Nikamletea begi la kijeshi la sokoni, lenye mifuko kila upande.

"Na ku barrière ya basoda nitasema nini? Tena angalia hizi poshi. Zote zitakamata ku jiwe."

Basi nikasema nitamshonea la bashi, kubwa, lenye kumeza nyumba nzima.

"Non. Mufuko yenye haijae inacheza, inajikwaruza. Shona yenye itajaa kabisa. Chini tia bashi mbili. Hapana tia fermeture ya zipu, hapana tia poshi, hapana tia masikio. Inje ikuwe laini sawa yai."

"Hata masikio?"

"Hata moja, Mathe."

Nilishona siku tatu. Nilipomaliza nikautazama, nikaona uko uchi. Nikawaza, watu wa njiani watauliza huu umeshonwa na fundi gani? Nikatia masikio mawili madogo kwenye mshono wa chini. Kiburi tu. Sina jina jingine la kukiita.

Nilimpelekea mwenyewe kijijini kwao, jioni ya kuamkia safari. Aliyaona, akavigusa vile vitanzi kwa kidole.

"Tutayakata mbele ya kupanda," akasema. Hakunigombeza.

Asubuhi ya kupanda, risasi zilianza kulia ng'ambo ya mto. Nani angekumbuka wembe? Apollinaire akapanga mablanketi na sufuria, halafu akamwaga maharage humo humo yajaze kila uwazi, mfuko usicheze. Tukapanda na ukungu. Barabara ya kurudi ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nami nikapanda nao.

Siku ya pili, tukiwa juu tunavuta, mfuko ukagoma.

"Vuta, shemeki."

Nikavuta. Ukaachia ghafla, na pamoja na kuachia nikasikia sauti.

Fundi anaijua sauti ya bashi ikichanika. Naijua hata usingizini. Lakini nilinyamaza, kwa sababu niliogopa ni sikio langu la bashi lililonasa kwenye jiwe.

Lilikuwa sikio langu. Mfuko ulipofika juu, mshono wa chini ulikuwa na tundu la vidole viwili, na karibu nusu ya maharage yalikuwa yameshuka na jiwe. Kavugho alishika kichwa.

"Nani alifanya hivi?"

Nikafungua mdomo. Apollinaire akaniwahi.

"Ni miye. Nilimwanga maharagi bila kuyafunga mu sac. Kosa yangu."

Nami nikaufunga mdomo wangu. Mungu anisamehe, niliufunga.

Siku kumi na mbili tulikula mara moja kwa siku. Baadaye tukabaki na konzi konzi. Christa, mtoto wao mdogo, alikuwa na miaka mitatu. Aliacha kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Siku ya ishirini na tatu nikashuka kutafuta chochote.

Sikufika mbali. Basoda walinikamata barabarani, wakanitwika sanduku la risasi. Tulipumzika mkabala na lile jiwe. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mikono ya mkulima, akainua macho.

"Nani analima maharagi ku jiwe?"

Nikatazama. Mvua ilikuwa imenyesha wiki tatu. Kila punje iliyoanguka kwenye ufa au kwenye ukoga mnene ilikuwa imeota. Mstari wa kijani ulipanda jiwe jeusi, moja kwa moja, hadi mlangoni mwa pango.

"Ni bandege," nikasema.

"Ndege inapanda mu ligne?"

Wakapiga risasi mbili juu. Kisha kamba ikashuka, na Apollinaire juu yake.

"Niko peke yangu huku," akawaambia. Walikuwa wavivu kupanda, wakamwamini, naye wakamtwika mzigo.

Tulitembea siku mbili, yeye mbele, mimi nyuma. Penye kupumzika nikamwambia nitakwenda kumweleza Kavugho ukweli wa yale masikio.

"Muache," akasema. "Weye ndiye ndugu mumoja tu yenye atabakia naye. Akikuchukia, atabakia na nani?"

Kwenye njia panda wakatugawa. Yeye walimpeleka upande wa msitu. Sijamwona tena, na hakuna aliyemwona.

Mimi nilitoroka karibu na Beni. Nilipolifikia pango, Kavugho alikuwa amekaa na mtoto mmoja. Alikuwa amemzika Christa kwa mawe.

Imepita miaka mingi. Mifuko bado nashona, na anayetaka masikio namwambia aende kwa fundi mwingine. Somo langu ni hilo: mzigo wa kuvutwa juu, usiache kitu kinachoning'inia nje. Na mwenye kujua kazi akikwambia hapana, shona hapana.

Lakini sikuandika kwa ajili ya mifuko.

Kila mwaka Kavugho anaomba misa ya Christa. Jina la mumewe hataki padri alisome. Anasema, "Maharagi yake ndiyo iliua mutoto yangu." Nami nakaa benchi moja naye, naitikia amina.

Yaya Kavugho, dada yangu, najua mwanao atakusomea hii. Sikio lilikuwa langu, na sauti niliisikia. Sasa unichukie mimi.

Ila Jumapili ya misa, tafadhali, mpe padri jina la Apollinaire.