Maharagwe Yaliyopandwa Yote

Juzi, katika kliniki moja Bungoma, msichana aliyeketi mbele yangu alichomwa kidole kupimwa damu. Muuguzi alisoma kipimo akakunja uso.

"Damu bado iko chini. Si ulipewa yale maharagwe mapya yenye madini ya chuma kule kituo cha wakulima cha Mabanga?"

"Nilipewa, sista."

"Ukayala?"

"Mama alipanda yote. Ati mbegu hailiwi."

"Hata kikombe kimoja?"

Msichana alitikisa kichwa, akibana pamba kidoleni. "Lakini yametoa maua."

Zamani, kwetu Kitale, mama alihifadhi maharagwe bora katika kibuyu chenye majivu, yangoje mvua. Dada yangu, aliyeshikwa na kizunguzungu kila akitoka mtoni, alikitazama tu. Laiti mama angeyapika yote siku moja, nasi tungeomba mbegu kwa jirani.