Ghala la Baridi na Mafiga ya Mama Mdogo

Kuna mchezo wa kompyuta niliopewa na mwalimu mwenzangu pale shuleni. Aliniwekea kwenye laptop kwa flashi, akaniambia nitamshukuru, na tangu siku hiyo Jumamosi zangu zikaharibika. Unapewa watu watatu waliotupwa porini bila kitu, nawe ndiye unayewaelekeza wajenge, walime, wale, walale. Nilidhani taabu itakuwa majambazi wanaowavamia. Kumbe taabu yenyewe ni joto. Chakula kikikaa kwenye joto kinaoza, watu wakikaa kwenye joto wanazimia, na kila chumba kina nyuzi zake za joto zimeandikwa pembeni ya kioo, huwezi kusema hukuziona.

Kijiji changu cha kwanza kilikufa njaa kikiwa kimetoka tu kuvuna. Nilijenga jiko katikati, kisha mboga, nyama na mahindi nikavipanga palepale kando ya moto. Sikufikiria mara mbili. Kwetu Uluguru, kitu usichotaka kiharibike unakiweka juu ya moto. Jikoni kuna uchaga, jukwaa la fito lililo juu ya mafiga, na huko ndiko zinakokaa mbegu za msimu ujao na chochote chenye thamani. Vitu vinakauka kwa moshi, wadudu hawasogei. Milimani ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, unalala nao. Adui wetu ni unyevu, joto tunalitafuta.

Mwenzangu, mtu wa Singida asiyejua ukungu ni nini, alicheka mpaka akakaa chini. Akanifundisha. Unajenga chumba chenye kuta nene, unapachika mashine ya baridi ukutani, mbele inapuliza baridi na nyuma inatoa joto, kwa hiyo mgongo wake lazima utazame nje. Mimi nikautazamisha chumba cha wagonjwa. Wawili wakazimia kabla sijajua nimefanya nini.

Lakini nilijifunza. Baada ya muda ghala langu lilikuwa linagandisha nyama mwaka mzima, wagonjwa wangu wanalala kwenye ubaridi wa kupendeza, na mimi nikaanza kujiona mtaalamu. Hapo ndipo mama alipobadilishiwa dawa ya sukari, akatolewa kwenye vidonge akaingizwa kwenye sindano.

Mama alikuwa akiishi juu kule milimani, ukishapita Mlali unapanda, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake. Kwa Waluguru ardhi inafuata wanawake, kwa hiyo nyumba ni yake na ya mdogo wake, mama yangu mdogo. Wote wajane, wamezeeka pamoja, wanagombana asubuhi na kupatana mchana. Umeme haujafika. Insulini haitaki joto, na friji kule ni hadithi. Muuguzi akatuonyesha njia: mtungi wa udongo, ndani yake mchanga uliolowa, katikati ya mchanga kopo lenye mfuniko, juu kitambaa kibichi. Kwa baridi ya kule, alisema, inatosha kabisa.

Nikaubeba mtungi mwenyewe kwenye bodaboda, nimeukumbatia njia nzima. Tukauweka kwenye kona ambayo jua haliioni. Mama macho yake hayasomi tena mistari ya bomba la sindano, hivyo mama mdogo ndiye aliyejifunza kumchoma. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu. Nilishuka mjini nikiwa na amani ambayo sijawahi kuipata tena.

Masika yalipochanganya, mama mdogo akanipigia simu. Mama anakunywa maji tu, hali chakula, anaongea maneno yasiyoungana. "Na dawa nampa vilevile, mwanangu, sijaruka hata siku moja." Tulimshusha kwenye gari la mboga, amelazwa juu ya magunia ya kabichi, barabara yote ni tope. Hospitalini kile kimashine cha kupimia sukari kilishindwa kuandika namba kwa jinsi ilivyopanda. Kidonda kidogo cha kidole gumba cha mguu, ambacho hakuna aliyekitilia maanani, kilikuwa kimekwisha kuoza. Wakakikata kidole.

Daktari aliniuliza dawa ilikuwa inatunzwa wapi. Nikamweleza habari za mtungi, kwa majivuno kidogo, nakumbuka. Akasema basi haelewi, maana kwa anavyoona ni kama alikuwa anachomwa maji.

Nilipanda tena kufuata nguo za mama. Mama mdogo alikuwa jikoni, moto unawaka, ameinama anapuliza. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anafuta macho kwa sababu ya moshi. Kabla sijauliza lolote akapanda juu ya kigoda, akaingiza mkono kwenye uchaga, katikati ya mahindi ya mbegu, akatoa kifurushi cha kipande cha khanga.

"Hii hapa dawa ya dada, umpelekee. Kule mtungini mvua zilipoanza palikuwa panaota ukungu, boksi lote lilishalowa. Nikasema hapana, hii ndiyo roho ya dada yangu. Nikaiweka mahali pema."

Nikapokea. Vichupa vilikuwa na joto mkononi, joto la yai lililotoka chini ya kuku. Nilisimama pale nikavitazama. Ningemlaumu kwa lipi? Alikuwa ameichukua dawa ya dada yake akaipa heshima ya mbegu. Mimi mwenyewe, mtu wa cheti na diploma, niliua kijiji kizima kwa kufikiri hivyohivyo, tofauti ni kwamba mimi nilianza upya mchezo. Nikasema, "Ahsante, mama." Nikaweka kifurushi mfukoni nikashuka nacho.

Mama alipopata nafuu nikamweleza. Mguu wake ulikuwa juu ya mto, umefungwa bendeji. Akasema, "Usimwambie."

"Mama, lazima ajue. Ukirudi ataweka palepale."

"Usimwambie. Huyu mtu akijua ni mkono wake ulionikata kidole, hatakula tena. Mimi namjua."

Nikajaribu kumzunguka. Nikasema basi nitamwambia tu daktari ameagiza dawa isitoke mtungini, bila kueleza sababu. Mama akanitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wanaodhani wamenidanganya. "Mdogo wangu si mjinga. Utakapotamka mtungi tu, atahesabu mwenyewe mpaka afike." Nilijua ni kweli. Na hakuna mtu mwingine kule mwenye macho ya kuona mistari ya bomba.

Basi mama akabaki kwangu. Nimepanga vyumba viwili huku upande wa Mazimbu, paa ni bati, dari ni la mbao nyembamba. Friji ipo na dawa ipo ndani ya friji, hilo ndilo tunalojivunia. Lakini mama mwenyewe hana friji. Mtu aliyezaliwa kwenye ukungu, akaishi maisha yake yote kwa sweta, sasa yuko Morogoro mjini mwezi wa kumi na mbili. Mchana chumba kinakuwa tanuri. Feni inazungusha joto lilelile. Nimetandaza makuti juu ya bati, majirani wakaniuliza kama nafungua baa. Nimetundika khanga mbichi dirishani, nimemwagia sakafu maji, nimehamisha kitanda pembe zote nne. Haisaidii. Kiyoyozi ni mambo ya maofisini, na umeme wenyewe ndio huu wa kukatika kabla hujamaliza kupiga pasi shati. Presha yake inapanda, usingizi hana, anakonda. Namwona anavyokwisha na sina cha kushika.

Alasiri moja alinikuta nacheza. Akauliza hao watu wadogo ni nani. Nikamwonyesha: hili ghala lao, hapa wanalala, hapa wagonjwa, chumba kina nyuzi ishirini na moja, nikibonyeza hapa zinashuka. Akaangalia sana.

"Bonyeza tuone."

Nikabonyeza. Nyuzi zikaanza kushuka.

"Wana bahati," akasema, akarudi kulala. Nikaifunga laptop. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Mama mdogo anapiga simu kila wiki. Mwanzoni alikuwa anauliza lini dada anarudi. Siku hizi anauliza kwa nini simrudishi. Watu kule wameanza kusema mtoto wa mjini amemwona mama mdogo wa mlimani kuwa hafai kumtunza mgonjwa. Nasema daktari amekataa. Anasema madaktari gani hao wanaomwacha mtu apikwe.

Mwezi uliopita alikuja mwenyewe. Alishuka na gari la mboga na kapu la njegere na matunda ya plamsi, sweta ameivua njiani akaifunga kiunoni. Umeme ulikuwa umekatika. Akamkuta dada yake amelala, kitambaa kibichi kifuani, anapumua kwa mdomo. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akachukua kifuniko cha ndoo, akaanza kumpepea. Alipepea muda mrefu. Jasho lilikuwa linamtiririka yeye mwenyewe shingoni na hakulifuta.

"Kwangu alikuwa amenenepa," akasema, akimtazama mama, ila anaongea na mimi. "Sindano sijawahi kusahau. Dawa niliitunza mpaka ile iliyobaki nikakupa mkononi, nzima, haijavunjika hata moja. Sasa mwanangu, kama kuna nililokosea, niambie. Mimi ni mtu mzima, niambie tu."

Mama hakuwa amelala. Alifumbua macho akanitazama.

"Hujakosea kitu, mama," nikamwambia mdogo wake.

"Basi kwa nini mnaninyima dada yangu?"

Alikuwa ameacha kupepea, anasubiri. Mama bado ananitazama.

"Umeme utarudi sasa hivi," nikasema.