Mipea ya Mama na Njia ya Hermien

Dada yangu Hermien ndiye aliyekuwa akinipakia kwenye keria ya baiskeli yake kunipeleka shule. Malori ya maziwa yalitupita karibu sana hadi sketi zetu zikapepea. "Nishike kiuno, fumba macho," ananiambia, kisha anaanza kuimba kwa sauti mbaya kweli. Hadi leo nikisikia harufu ya sweta ya sufu iliyolowa mvua namkumbuka.

Tulikulia Harvelo, mashariki ya Uholanzi. Baba yetu, Derk Lansink, alifuga ng'ombe. Mama alifariki tukiwa wadogo, akatuachia bustani ya mipea, miti ya matunda ya pea, nyuma ya nyumba.

Hermien alisoma, akaajiriwa ofisi ya mipango ya mkoa. Ilikuwa miaka ile mafuta yalipoadimika, magari yakazuiwa Jumapili. Ah, zile Jumapili! Tuliendesha baiskeli katikati ya barabara kuu, vijiji vizima, kama tunakwenda harusini. "Kwa nini iwe Jumapili tu?" Hermien akauliza. Kila kijiji kilikuwa na kipande chake cha njia ya baiskeli, na kila kipande kilikatikia mpakani. Yeye alitaka viunganishwe vyote, mtu aende kazini, shule au hospitali bila kukutana na lori.

Kwenye mkutano, diwani wa kijiji jirani alimcheka. "Bibi Lansink, watu wa Harvelo waje kwetu kutafuta nini?"

"Mkate," Hermien akajibu. "Wa kwetu unavunja meno."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mwokaji wetu akiwemo. Mpango ukapita.

Kikabaki kipande cha kufika mjini. Upande mmoja reli, upande mwingine kinamasi, na katikati mipea ya Mama. Hermien angeweza kumtuma kwa Baba mwenzake wa ofisini. Alikuja mwenyewe, Jumapili, saa ya kahawa.

"Baba, njia inapita kwenye mipea."

"Ipinde."

"Nikiipinda inarudi kwenye malori. Na Mzee Hoeve nimeshamwambia hakuna kupinda, ametoa malisho yake njia ipite."

"Hoeve si baba yako."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Ile kaipanda mama yako, Hermien."

"Najua, Baba. Maji nilibeba mimi."

Baba akalifunika kopo la biskuti kabla Hermien hajachukua hata moja. Kwetu hiyo ni sawa na kuonyeshwa mlango. Hermien alivaa koti akaondoka.

Majani yalipoanza kupukutika, mimi nikiwa muuguzi mjini, lori lilinisukumia mtaroni nikitoka kazini. Nilivunjika mkono tu. Baba alikuja kunichukua, akaiona baiskeli yangu ilivyopindana.

Kesho yake alimpigia simu Hermien. "Watu wako wakija na mashine zao wataikanyaga-kanyaga mipea. Nitaikata mwenyewe. Njoo, msumeno ni wa watu wawili."

Niliwatazama kutoka dirisha la jikoni, mkono wangu ukiwa kwenye plasta. Mmoja huku, mwingine kule.

"Vuta," anasema Baba.

"Vuta wewe, mimi nimeshavuta."

Walipoufikia mti wa mwisho Hermien alikuwa analia waziwazi, na Baba akajifanya anatafuta tupa ya kunolea msumeno.

Sherehe ya kufungua njia Baba hakuhudhuria. Alianza kuitumia majira ya baridi yalipokwisha, kwenda kucheza karata mjini, na kila akirudi alilalamika kwamba upepo ni mkali tangu miti iondoke. Alimwambia Hermien hivyo kila mara, miaka na miaka, na Hermien alimmiminia kahawa bila kubishana. Sijui kama Baba alimsamehe. Kopo la biskuti, walau, lilibaki wazi.

Hermien tulimzika mwaka juzi. Watu walikuja kutoka kila kijiji, wengi kwa baiskeli. Nilipokuwa nikiendesha baiskeli naye hapo zamani, tukifika nyuma ya nyumba yetu, palipokuwa na mipea, alikuwa anashuka, anasukuma baiskeli kwa miguu mpaka shamba liishe, ndipo anapanda tena. Wanafunzi waendao shule walikuwa wakitupigia kengele nyuma yetu. Tulikuwa tunawapisha.