Gunia la Herufi Vologda

Glafira Zotovna alianza kupanga herufi akiwa na miaka kumi na minne, kwenye kiwanda cha chapa mjini Vologda, Urusi. Kufikia mwaka 1918 alikuwa na miaka thelathini na mitano, mjane wa vita, na vidole vyake viliokota herufi za madini ya risasi bila macho kutazama.

Vuli ile serikali mpya ilipunguza herufi za Kirusi. Mabaharia wawili waliotumwa na serikali hiyo walikuja kiwandani na gunia, wakamwagia humo zote zilizopigwa marufuku.

"Mnakwenda kuzifanyia nini?" Glafira aliwauliza.

"Zitayeyushwa, ndugu. Zilikuwa zinakuchosha mkono bure."

Hakubishana. Mojawapo, ile ya mwisho wa maneno, haikutamkwa hata kidogo, naye aliipanga karibu mara mia kila ukurasa. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa mkono wake uliendelea kwenda kwenye visanduku vitupu vya herufi hizo.

Desemba akaja Innokenti Lvovich, mwalimu mstaafu wa Kilatini, na daftari la mashairi yake. Kamati ya elimu ilimkubalia kuchapiwa nakala sitini, kwenye karatasi ya kufungia sukari.

"Kwa herufi za zamani," alisema, "ama msichape kabisa."

"Za zamani hazipo, mwalimu. Zimeondoka na gunia."

"Basi nirudishie daftari langu."

"Hili hapa. Ila nimeshalisoma. Lile shairi la mama anayesubiri barua kutoka vitani, wanawake wa foleni ya mkate wangelielewa. Wengi ndio kwanza wanajifunza kusoma, na wanafundishwa herufi hizi mpya."

Mzee alivaa kofia, akaivua, akaketi juu ya kreti.

"Umelisoma lote?"

"Lote. Ubeti wa tatu wa lile shairi umepwaya."

Mzee aliomba kalamu.

Kitabu kilitoka Februari, kwa herufi mpya. Innokenti Lvovich alikifungua, akaonyesha kosa moja ukurasa wa tisa, akaenda zake. Mwaka uliofuata homa ya chawa ilimwua.

Glafira alipeleka nakala saba kwenye darasa la watu wazima. Wanawake walisoma kwa kufuatisha kidole, silabi kwa silabi. Ustinya, mfumaji wa kitani, alipofika mwisho wa lile shairi aliuliza kwa hasira, "Huyu mtu alijuaje mambo yangu?"

"Alikuwa akifundisha Kilatini," Glafira alimjibu. "Alijuaje, sijui."

Glafira alifanya kazi kiwandani hadi 1931, mapafu yalipomshinda.