Cherehani ya Mama na Wataalamu Wake

Kaka zangu hawakuwahi kuuliza hali ya cherehani ya mama. Hata hali ya mama mwenyewe waliiuliza kwa simu, Jumapili, mpira ukishaisha. Kwa hiyo Desemba moja walipopanda mlimani kutoka Dar, wawili, kila mmoja na gari lake, na swali lao la kwanza baada ya shikamoo likawa, "Mama, ile cherehani ya zamani bado ipo?", nilijua kuna jambo. Mama alidhani wamekua.

Ipo, alisema, tena ina kazi. Alikuwa akishona gauni lake la kuzikwa nalo. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa tu amemuaga jirani yake marehemu, aliyevishwa gauni la dukani lenye shanga za harusi, akatoka pale ameapa kwamba kazi hiyo hatamwachia mkwe yeyote. Gauni lilikuwa jeupe, kola ya lesi, mikono mirefu kwa sababu baridi ya huko aendako haijui. Alikuwa amelimaliza lote isipokuwa mkono wa kushoto.

Kaka hawakusikia habari ya gauni. Walisikia "ipo".

Ilikuwa hivi. Katika kundi la familia kwenye simu, mtu alikuwa amerusha sauti ya bwana mmoja asiyejitaja, akieleza kwamba cherehani nyeusi za zamani zenye maua ya dhahabu zina zebaki nyekundu ndani yake, na kwamba kuna matajiri wa nchi za mbali wanaozinunua kwa bei ya nyumba. Kipimo ni rahisi: sogeza simu karibu, mtandao ukikatika, zebaki ipo. Kaka mkubwa ni meneja, ana digrii mbili. Alisogeza simu. Mtandao ukakatika.

Walitazamana kama watu waliotokewa na malaika. Naomba mtu anielewe hapa: wanaume hawa wamezaliwa katika nyumba ile. Tangu simu za mkononi zifike mlimani kwetu, sebuleni mwa mama mtandao haujawahi kuingia. Mama hupokea simu zake amesimama kando ya zizi, ng'ombe akimsikiliza, na hao hao wanaompigia humlalamikia kwamba sauti ya ng'ombe inawasumbua. Nikawakumbusha. Mdogo wetu, kitinda mimba, akanijibu, "Aisee dada, wewe una wivu tu."

Kipimo cha pili kilikuwa kitunguu saumu. Ukikiweka mezani, kinaikimbia zebaki. Kikawekwa, kikabingirika mpaka sakafuni. Nyumba yetu imejengwa kwenye mteremko, na meza ile hata chungwa halikai. Nilikiokota tu. Kuna ujinga ambao ukiupinga unanenepa.

Siku hiyo hiyo ndipo ugomvi wa urithi ulipoanza. Kwa desturi yetu kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi, na yeye akatoa hoja kwamba kilichomo ndani ya nyumba kinafuata nyumba. Kaka mkubwa akajibu kwamba cherehani ina miguu, na chenye miguu ni mali ya ukoo. Walibishana hivyo kwenye migomba, sahani za mtori mkononi, huku mwenye cherehani akiwa ndani, mzima, akifyonza uzi auingize kwenye sindano.

Mimi nimeolewa Rau, pale chini mjini, na ng'ombe wa mama akiugua ndimi niitwaye. Kwa hiyo nikaitafuta thamani ya cherehani kwa njia isiyo na vitunguu. Nikapiga picha namba iliyogongwa kwenye kitako chake, nikashuka mahali penye mtandao, nikalinganisha. Ikaonekana ni ya zamani kweli, imemtangulia mama kuzaliwa. Na bei? Za aina hiyo zilitengenezwa nyingi mno, zimejaa dunia nzima. Watu huko ughaibuni huziweka kwenye bustani wakapandia maua. Ikiwa nzima na inashona, unapata mbuzi mmoja, tena asiwe mnene.

Nikayaandika hayo kwenye kundi la familia. Kitinda mimba akajibu kwa kidole gumba kilichoelekea chini.

Jambo moja tu lilinisumbua. Marehemu baba alikuwa akijisifu kwamba alimnunulia mama cherehani hiyo mpya kabisa, mjini, kwa mavuno ya kahawa. Nikamweleza mama taratibu, kama mtu anayepeleka habari ya msiba, kwamba huenda haikuwa mpya.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Ilikuja na uzi wa mtu ndani. Wa kijani."

"Na hukumwambia baba?"

"Alikuwa amefurahi sana. Ningemwambia ili iweje?"

Nilimpenda mama kwa jibu hilo, na nikawachukia kaka zangu kidogo zaidi.

Alasiri iliyofuata mama alikwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya ya akina mama, nami nikamsindikiza. Huku nyuma kaka wakamleta mtaalamu kutoka Himo. Sikumwona, ila nimesimuliwa na mke wa kaka mkubwa: miwani ya jua ndani ya nyumba, mkoba wa ngozi, na jogoo mzima aliliwa kabla kazi haijaanza. Akaifungua cherehani vipande vipande. Hakukuwa na zebaki, kulikuwa na mafuta. Mtaalamu hakutetereka. Alisema zebaki ilikuwemo, ila cherehani hiyo imeshonea mno nguo za kanisa, nayo zebaki haipatani na mambo matakatifu, ikakimbia. Kisha akaondoka na kile kikasha cha chuma kinachoshika bobini ya uzi wa chini, ambacho bila hicho cherehani haishoni, eti akapime mabaki. Simu yake haikupatikana tena, na safari hii mtandao haukuwa na kosa.

Tulirudi tukakuta cherehani imelala kwenye gazeti. Mama aliitazama, akatazama nafasi ya kikasha, akaenda kumkatia ng'ombe majani. Nilizunguka mjini kwa mafundi kutafuta kikasha kama hicho. Wote walicheka kwa heshima: vikasha vya zamani hivyo haviletwi tena nchini. Tamaa mbele, mauti nyuma, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba mauti yanaweza kuwa ya mama yako na yanasubiri mkono wa kushoto.

Siku mbili mama hakuwasemesha. Ndipo kaka mkubwa akakumbuka kwamba ni Mchagga. Akaenda kwenye ua, akakata isale, lile jani ambalo ukiletewa limefungwa fundo huwezi kukataa kusamehe, hata kama ni damu imemwagika. Akalibeba kwa mikono miwili, mdogo wake nyuma yake. Mama akalipokea.

"Nimewasamehe," akasema. Kaka wakashusha pumzi. Akaingia chumbani, akatoka na gauni, akaliweka magotini mwa meneja, na sindano juu yake. "Mkono huu mtaushona ninyi. Siku yangu ikifika haujakaa sawa, mtanivika hivyo hivyo, jeneza liwe wazi, ukoo wote upite waone."

Krismasi ile meneja alijichoma kila kidole. Mama alisogeza kazi yao dirishani, akaitazama, akasema, "Fumua." Pasaka walirudi, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Wakashona, wakafumua. Juni wakaja bila sikukuu yoyote, kitinda mimba na kisanduku chake mwenyewe cha nyuzi. Mimi najua kushona na sikugusa. Nilifurahi, sitaficha.

Mwezi uliopita walikuwa wamekwisha kuondoka nilipolichukua gauni nikalitazama. Matundu ya sindano yalionyesha kwamba mshono wa mwisho ulikuwa umenyooka, mzuri kuliko wangu. Na mama alikuwa ameufumua.

"Mama, huu ulikuwa sawa."

"Niliona," akasema, akilikunja gauni. "Nikiukubali, watarudi kufanya nini?"