Verlin, Saa ya Ukutani na Kura ya Arobaini

Haya yote ni kweli tupu. Nilikuwa bawabu wa ukumbi huu wa bunge la jimbo miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na nikitia chumvi hata punje moja, nitamnunulia Verlin Stroud kipande cha pai. Naapa.

Saa sita kasoro dakika tano mchana, siku ya mwisho ya kikao, Verlin anapanda ngazi yake. Ana miaka sitini na tatu, na kazi yake ni saa kubwa ya ukutani: kuitia ufunguo kila Jumatatu, kuifuta, kuirekebisha. Kwa sheria, ikigonga saa sita kikao kimekwisha.

Chini yake wabunge sitini hawatulii. Mmoja anainuka, anakaa, anainuka tena. Mwingine anatafuna kalamu. Bajeti inataka theluthi mbili, yaani kura arobaini. Chama kimoja kina thelathini na tisa. Wale ishirini na mmoja wa upande wa pili wamefunga mikono vifuani tangu Machi.

"Thelathini na tisa wanataka, ishirini na mmoja hawataki, wanaoshinda ni ishirini na mmoja," anasema Verlin. "Nikiwaeleza wajukuu, wananiuliza kama shule nilikwenda."

Ndani ya bajeti hiyo limo daraja la kwao, Pickett Ford, lililofungwa miaka miwili iliyopita baada ya nguzo kuoza. Zamani alifika kazini kwa maili sita. Sasa anauzunguka mto, maili arobaini na nne.

"Jirani yangu ng'ambo namwona, ananipungia mkono. Kwenda kumsalimu ni safari."

Spika anakohoa mara mbili. Kikohozi hicho hakimo kwenye kanuni, ila maana yake Verlin anaijua. Anafungua kioo, anaushika mshale mrefu usifike saa sita.

"Unafanya nini huko juu?" anauliza mbunge wa upande wa pili.

"Nafuta vumbi, mheshimiwa."

"Dakika ishirini zote?"

"Ni vumbi la miaka mingi."

Aliushika siku tatu. Dorlene, mpishi wa mgahawa wa chini, alimlisha supu kwa kijiko kilichofungwa kwenye mpini wa ufagio. Siku ya tatu mmoja wa wale ishirini na mmoja akasema "ndiyo", na mwezi uliofuata magari yakavuka Pickett Ford.

Nilipofika hapo, nikimsomea Verlin makala hii mgahawani, akaweka kikombe chini.

"Magari gani, Hollis? Leo asubuhi nimezunguka maili arobaini na nne."

"Wasomaji wanapenda mwisho mzuri."

"Niliushika dakika ishirini na tano. Kidole kikafa ganzi, nikauachia, saa ikagonga. Kura thelathini na tisa. Andika hivyo."

"Na hiyo supu ya ufagio?" Dorlene akadakia kutoka jikoni. "Mzee huna haya."

Kikao kipya ni Januari. Verlin amemwomba mbunge mmoja wa upande wa pili apande gari lake asubuhi moja, wazunguke mto pamoja.

"Sihitaji arobaini," anasema. "Namhitaji mmoja."

"Amekubali?"

"Amesema atafikiria. Tangu Machi, hilo ndilo neno refu kuliko yote waliyonipa."

Kisha akageukia jikoni. "Wanaosema Hollis kadanganya?"

Mikono miwili ikapanda. Wangu ulibaki mezani.

"Wawili kati ya watatu," akasema Verlin. "Theluthi mbili. Imepita."

Nikalipa pai ya cheri, vipande viwili. Dorlene alidai cha shahidi.